Kama Hapo Juu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zikufikie huko uliko, na ninaomba zikukute mgongo umekuacha upumue. Dereva wa lori aliyenipa anwani yako aliniambia unapakia saruji, na kwamba kila ukimaliza mzigo unasimama kwanza umejishika kiuno kama mzee wa miaka sabini. Sikujua nicheke au nilie. Mgongo huo ndio ulionivusha mtaro wa nyuma ya nyumba kila mvua iliponyesha, na wakati ule haukuwahi kulalamika. Unakula vizuri? Unalala mahali pakavu? Watu wa hapo wanaishi na wewe vizuri? Unajua mimi ni mtu wa maswali, na safari hii nauliza nikijua kwamba huenda usinijibu hata moja.

Sisi tuliobaki nyumbani hatujambo. Mama bado yuko kwenye cherehani yake, ila macho yanamtania. Juzi alimshonea mteja mfuko wa shati upande wa ndani, na mteja alipolalamika akamwambia bila aibu kwamba huo ndio mtindo mpya wa kuzuia wezi. Mteja akalivaa akaenda zake. Nimempeleka kupimwa, miwani itakuwa tayari wiki ijayo, kwa hiyo watu wa mtaa huu wavumilie siku chache tu.

Mimi mwili ni mzima, kichwa ndicho kimevurugika. Hii ni karatasi ya nne. Tatu za kwanza nimezichana, kwa sababu kila nikianza kueleza najikuta nimeanzia katikati, kisha narudi nyuma, kisha nalia na wino unachafuka. Nataka kukueleza kwa nini masanduku yale ya zahanati yalikuwa yanazimika, na kwamba kosa halikuwa lako. Nimeliandika hilo mapema ili hata ukiichana barua hii hapa hapa, uwe umeshalisoma. Mengine ni marefu, na sina hakika kama mimi mwenyewe nayaelewa yote.

Mengi unayajua, lakini niache niyapange nilivyoyaona mimi. Zahanati ilikuwa imechoshwa na inveta yake. Kazi ya inveta ile ilikuwa kuuchukua umeme wa betri za sola na kuugeuza uwe kama wa ukutani, nayo ikawa inakufa kila mwezi, na ikifa, mashine za oksijeni zinakufa nayo. Mhandisi wetu wa karakana akaja na wazo ambalo sote tuliliona la akili. Alisema masanduku ya umeme tunayoyaunda sisi, yale yanayolisha mashine za oksijeni, kitu cha kwanza yanachofanya yakipokea umeme wa ukutani ni kuupitisha kwenye daiodi nne na kuunyoosha uwe kama wa betri. Sasa ya nini kuuchukua umeme wa betri, kuugeuza uwe wa ukutani, halafu sanduku liugeuze tena urudi ulivyokuwa? Tuunganishe betri ishirini na sita kwa mfululizo, tuupeleke umeme wake moja kwa moja kwenye sanduku, na inveta tuipige teke. Mimi nilikuwa kwenye meza ya vipimo. Nikadakia kwamba namjua fundi mzuri wa betri, naye ni kaka yangu. Kazi ile mimi ndiye niliyekuletea.

Ukafunga, na ulifunga vizuri. Nilikuja kuangalia nikakuta waya zimelala ukutani kama zimepigiwa rula, kila betri ina namba yake, na sakafu imefagiliwa hadi muuguzi mkuu akasema chumba cha betri kimekuwa kisafi kuliko stoo yake ya dawa. Mashine zikawaka, watu wakapiga makofi, na baada ya dakika chache mashine zikazimika. Zikawaka tena zenyewe. Zikazimika tena. Siku ya tatu zilizimika mtoto mchanga akiwa kwenye oksijeni, na muuguzi mkuu akatoka mbio na mtungi wa oksijeni begani kama mtu aliyebeba gunia. Mtoto alipona, tunashukuru, lakini baba yake alisimama uani akapaza sauti kuuliza ni nani aliyefunga takataka hii. Watu wote wakakutazama wewe.

Halafu wakawasha jenereta, wakayaunga masanduku hapo, na masanduku yakafanya kazi kutwa nzima bila kukohoa. Kwao hilo lilitosha. Jenereta sawa, betri mbaya, na betri ni za nani? Nakiri kwamba hata mimi niliona ni hesabu nyepesi. Mhandisi akafungua sanduku moja mbele ya kamati ya zahanati, akaonyesha kwamba umeziondoa fyuzi zetu za kioo na kuweka zako nyeupe bila ruhusa ya mtu. Ulieleza kwamba umeme wa betri unataka fyuzi yake. Akakuuliza kati yako na yeye nani mhandisi. Hukujibu. Mimi pia niliulizwa swali moja katika kikao kile, nami nilijibu. Nitalifikia, usinikimbize.

Wewe ukaondoka na mkoba mmoja. Mjini likazagaa kwamba fundi betri karibu amuue mtoto kwa waya zake za kubahatisha, na hata wale uliowafungia taa za bure wakawa wanavuka barabara wakimwona mama. Mama alinuna. Unamjua, akinuna hasemi, anakanyaga tu pedali ya cherehani kwa nguvu. Alisema kama hukuwa na uhakika na kazi usingeigusa, na baada ya hapo hakulitaja jina lako kwa miezi minane.

Sasa ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza. Uliponipa kisogo, zahanati ilirudisha sanduku moja karakana ili lipimwe. Nikaliweka mezani, nikalichomeka ukutani, likawaka siku tatu mfululizo. Nikalirudisha zahanati, likazimika kabla sijamaliza chai niliyokaribishwa. Nikalibeba tena, nikalichomeka mezani kwangu, likawaka. Nilifanya hivyo mara nne, kaka. Safari ya nne mlinzi wa lango aliniuliza kama sanduku linaumwa au ni mimi ninayelipeleka kutembea. Nilianza kuhisi kwamba lile sanduku lina chuki ya wazi na zahanati, na kwamba mimi ndiye mjinga pekee niliyekosa kuambiwa sababu.

Kamati ikaleta fundi mpya, kijana wa watu, mpole, anayevaa glavu hata akishika kalamu. Alizing'oa waya zako zote akaweka zake. Masanduku yakazimika vilevile. Akaziondoa fyuzi zako nyeupe akarudisha za kioo, kama karatasi yetu ya maelekezo ilivyoagiza. Yakazimika vilevile. Mwishowe akasema betri zenyewe umeziharibu kwa kuzichaji vibaya, na kwa kuwa hukuwepo kujitetea, ikawa hivyo. Zahanati ikawa inaendesha mashine kwa jenereta mchana, na kwa betri pale tu mafuta yanapokwisha, huku muuguzi amekaa pembeni na mtungi tayari.

Mwezi uliopita sanduku moja likaungua. Hakuna aliyeumia. Lililetwa karakana ndani ya beseni, linanuka plastiki, na pembe yake moja imeyeyuka. Nililifungua taratibu. Fyuzi ya kioo ilikuwa imekatika kama inavyotakiwa, uzi wake haupo, lakini kioo kimejaa masizi na kishikio chake kimekuwa uji. Mhandisi alisema ni unyevu. Mimi nilikaa nikalitazama hadi wenzangu wakaenda kula wakarudi. Fyuzi imekatika, na bado umeme umepita. Kitu kilichokatika kinapitishaje?

Nilikwenda nyumbani, nikaingia uvunguni mwa kitanda cha mama na kuutoa mkoba wako wa vifaa. Nisamehe, niliufungua bila kukuomba. Nikaipata mita yako na fyuzi zako mbili nyeupe za akiba, nzito, ukizitikisa zina mchanga ndani. Ubavuni zimeandikwa kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba ni za DC, yaani umeme wa betri. Nikaketi chini pale pale sakafuni. Umeme wa ukutani hupanda na kushuka, na mara mia kila sekunde hugusa sifuri, kwa hiyo cheche ikizuka kwenye fyuzi iliyokatika, hufa yenyewe. Umeme wa betri haushuki. Cheche yake ikizuka hung'ang'ania, inaunguza hadi ikose cha kuunguza, ndiyo maana fyuzi yako imejazwa mchanga wa kuizima. Kumbe siku ile ulipoulizwa nani mhandisi, jibu lilikuwa limekaa ndani ya sanduku.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kama kaka alikuwa sahihi kwenye fyuzi, nilijiuliza, amekuwa sahihi kwenye mangapi mengine?

Nikaomba siku mbili kazini, nikaenda zahanati na mita yako na skopu, kile chombo chetu cha kuonyesha wimbi la umeme kwenye kioo. Muuguzi mkuu alinipokea kwa jicho la pembeni. Nilipomwambia nimekuja kukaa na sanduku tu, nilione likizimika, aliniuliza kama nimetumwa na wewe. Nikasema hapana. Akaingia stoo, akatoka na kipande cha boksi la dawa kilichojaa maandishi ya kalamu mbele na nyuma. Alisema siku ulipofukuzwa ulimwomba kitu kimoja tu, aandike saa ambayo mashine inazimika na saa inayowaka tena, kila anapoweza. Naye akaandika, miezi minane. Nilimuuliza kwa nini hakuwaonyesha kamati. Akanijibu kwamba alijaribu, akaambiwa mambo ya umeme si bendeji, basi akakaa nacho hadi atokee mtu wa kuuliza.

Nililisoma boksi lile mstari kwa mstari. Dakika kumi na moja inafanya kazi, dakika sita imelala. Kumi na moja, sita. Mchana wa joto kumi, na saba. Asubuhi ya mvua kumi na mbili, na tano. Waya uliolegea hauna nidhamu hiyo. Betri mbovu haina nidhamu hiyo. Kinachokwenda hivyo ni kitu kinachopata moto, kinapumzika, kinapoa, kinarudi kazini. Nawe ulilijua hilo tangu siku ya kwanza, au angalau ulilishuku, na mimi mwenye skopu na meza na koti jeupe sikuwa nimeshuku chochote.

Nikafungua sanduku likiwa linawaka, usinigombeze, nilikuwa makini, nikaelekeza kipimajoto kwenye kila kipande. Kilichokuwa kinachemka kilikuwa kidhibiti, kile kidude cheusi chenye miguu midogo kinachoongoza jinsi sanduku linavyovuta umeme. Kwa kawaida kazi yake ni kulifanya sanduku livute umeme kwa kufuata mwendo wa wimbi la ukutani, lisinyakue kwa pupa na kuwasumbua wengine walio kwenye laini. Kwa hiyo kinalitazama wimbi muda wote na kungoja liguse sifuri. Wimbi lisipogusa sifuri kwa muda kidogo, kidhibiti kinaamini mtu amechomoa plagi. Na hapo kinafanya jambo la hisani. Plagi ikichomolewa kuna chaji inayobaki mlangoni mwa sanduku, mtu akishika ncha zake inampiga, basi kidhibiti kinaimwaga chaji hiyo kupitia mguu wake mmoja. Ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Lakini sisi tulikilisha umeme wa betri, ambao hauna wimbi. Kikangoja sifuri isiyokuja, kikaamini plagi imechomolewa, kikaanza kumwaga. Kinamwaga, betri zinajaza. Ni kama mtu anayekausha sakafu kwa tambara huku bomba limeachwa wazi. Kinachemka hadi usalama wake mwingine unakizima kipoe, kikipoa kinaanza tena upya, kikiwa na imani ile ile. Mezani kwangu hakikuwahi kufanya hivyo kwa sababu mezani kwangu kulikuwa na wimbi. Kwenye jenereta hakikufanya hivyo kwa sababu jenereta nalo lina wimbi. Waya zako, betri zako na fyuzi zako hazikuwa na kosa hata moja. Nilicheka peke yangu mle chumbani, kisha muuguzi mkuu akachungulia akanikuta nalia, akafunga mlango polepole.

Nilimpelekea mhandisi. Kwanza alicheka, halafu akachora mchoro, halafu akaacha kucheka. Alitoa kijitabu cha kidhibiti, na kweli jambo hilo limeandikwa, kurasa za mwisho mwisho ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuzifikia. Akasema sawa, tutabadilisha vidhibiti, tuweke vya aina isiyongoja sifuri, na fyuzi tuweke nyeupe. Kisha akafunga mlango na kuniambia kwa upole, kama mtu anayenishauri kuhusu afya, kwamba zahanati inataka oksijeni na haitaki historia, tuyarudishe masanduku mapya kimyakimya, na kile kikao cha zamani tukiache kilale. Nilikubali. Kaka, nilikubali, na nilikaa na kukubali huko siku tisa.

Hapa ndipo karatasi tatu za kwanza zilipochanikia.

Unakumbuka wiki moja kabla hujafunga ulipita karakana, ukaegemea meza yangu ukaniuliza masanduku tumeyapima kwa umeme gani. Nikakwambia wa ukutani, yote ni yale yale. Ukasema utaazima pikapu ya rafiki yako, utaniletea betri zote ishirini na sita, tuziunganishe pale uani na kuyaacha masanduku yawake siku nzima. Nikacheka. Nikakwambia unataka kuigeuza karakana yetu banda la betri, na kwamba nina foleni ya kazi. Ukaniita Kiroboto, ukanivuta sikio kama zamani, ukaondoka.

Fomu yetu ya vipimo ina mistari miwili, mmoja wa umeme wa ukutani na mmoja wa umeme wa betri. Ule wa kwanza niliujaza kwa kupima. Wa pili niliandika kama hapo juu. Ni mazoea ya meza yetu, kila mtu anafanya hivyo, tulikuwa tunafanya hivyo hata kabla yangu, kwa sababu daiodi nne zinanyoosha kila kitu, na kilichonyooka kimenyooka. Niliandika maneno yale matatu kwenye fomu tatu, nikaweka sahihi, nikaenda kunywa chai. Hata sikumbuki kama nilifikiri.

Kikaoni mwenyekiti wa kamati aliniuliza kama masanduku yalipimwa kwa umeme wa betri kabla ya kutoka karakana. Fomu nilikuwa nayo mkononi. Nikajibu kwamba fomu inaonyesha yamepimwa. Sikusema nimeyapima. Nilisema fomu inaonyesha. Nimejitetea kwa tofauti hiyo miezi minane, ndani ya kichwa changu, nikiosha vyombo, nikitembea kwenda kazini, na hadi leo sijui kama nilidanganya, kama niliogopa, au kama nilikuwa nimeamini maandishi yangu mwenyewe. Huenda ni yote matatu. Ninachojua ni kwamba katika chumba kile tulikuwepo watu wawili tu tuliojua hapakuwahi kuwa na betri pale uani, wewe na mimi.

Na wewe uliniangalia. Uliinua mkono ukakuna shingo, vile unavyofanya ukitaka kusema jambo, na mimi nikatazama viatu vyangu. Kisha ukaushusha mkono. Ukawaambia kamati kwamba huna la kuongeza. Niambie ukweli, ulinyamaza kwa ajili yangu? Au ulikuwa umechoka tu na watu wale? Nimeligeuza swali hili kila upande na halinipi jibu. Nikisema ulinilinda, naumia. Nikisema hukunilinda, najua najidanganya tena, na safari hii hakuna fomu ya kunisaidia.

Siku ya kumi nikaomba kamati ikutane. Nilisoma yote, boksi la muuguzi, fyuzi, kidhibiti, kisha nikaiweka fomu ya zamani mezani nikaonyesha mstari wangu kwa kidole. Nikawaambia kaka yangu alitaka kuleta betri tupime, na mimi ndiye niliyekataa, na siku ya kikao nilikuwa najua. Baba wa yule mtoto alikuwepo, sasa ni mjumbe. Alisimama, nikafikiri atanipiga, akasema tu kwamba alikutukana uani mbele ya watu, na sasa hajui akuombe radhi uani kwa sauti ile ile au afanyeje. Kamati imekuandikia barua ya kukusafisha, nakala nimeiambatanisha. Muuguzi mkuu alishikilia nyingine ibandikwe langoni, na akaibandika mwenyewe kwa plasta ya vidonda, nne kwenye kila pembe. Mimi nimeondolewa kwenye meza ya vipimo, nipo stoo napakia, na mhandisi ananisalimia kwa nyusi. Sawa tu. Sikuandikii ili unihurumie.

Mama nilimweleza jioni ile ile. Aliusimamisha mguu kwenye pedali, akaniuliza kama una mahali pa kulala, nikasema sijui. Siku tatu hakusema nami zaidi ya lete chumvi. Jana akasema nikuandikie uje, na akaongeza kwamba mimi nisithubutu kuondoka nyumbani siku utakayofika, maana anataka kutuona wote wawili mezani, hata kama tutakuwa hatusemezani. Anakushonea shati kwa vipimo vya kichwani. Ulikague mifuko kabla ya kulivaa.

Masanduku mapya yako tayari. Safari hii nilikwenda mwenyewe kuazima pikapu kwa rafiki yako, nikazileta betri ishirini na sita, nikaziunganisha pale uani nilipokukatalia. Yaliwaka siku tatu na usiku wake bila kupumzika, muuguzi mkuu akiandika saa kwenye boksi jipya kwa sababu alisema boksi la zamani ni lako. Hilo ndilo pimo la mwisho nililoruhusiwa kufanya. Mstari wa pili wa fomu umejaa namba, kila moja nimeisoma kwenye mita yako. Chini yake kuna mstari wa jina la fundi atakayefunga. Kamati imeniambia niandike jina lako. Sikuliandika, kwa sababu nimeshaandika vya kutosha kwa niaba ya watu ambao sikuwauliza. Nimeuacha mtupu, na fomu nimeiweka ndani ya bahasha hii pamoja na kalamu. Ukiirudisha tupu nitaelewa, na mashine zitafungwa na fundi mwingine, na mimi nitaendelea kuwa mdogo wako kwa kadiri utakavyoruhusu.

Mama anakusalimu sana. Muuguzi mkuu anakusalimu, anasema chumba cha betri amekifagia. Mlinzi wa lango naye anakusalimu, na anauliza kama sanduku limepona. Nami nakusalimu kwa aibu na kwa upendo, na naomba mgongo wako usibebe zaidi ya inavyopaswa, maana mzigo mmoja uliokuwa juu yake ulikuwa wangu.

Ni mimi mdogo wako,

Kiroboto